Hadhira Inapocheka: La Vie est Belle na Watazamaji Wake

Utangulizi

Katika uhakiki wetu tumezoea kuuliza maswali mawili. Kazi inasema nini? Na inasema vipi? Maudhui na fani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa hivyo, huingia nayo kwenye mtihani, na akihitimu huenda kuifundisha sekondari. Swali la tatu tunaliacha mlangoni: wanaoipokea kazi hiyo, wao wanaifanya nini? Kwenye fasihi simulizi huwa tunaligusa, maana pale hadhira inaonekana kwa macho. Inaitikia, inapiga makofi, inamkata kauli fanani na pengine inamsahihisha. Lakini tukishaingia kwenye riwaya, tamthilia na hasa filamu, hadhira hutoweka ghafla kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Anabaki mhakiki peke yake na kalamu yake, anasema "mtazamaji anaona" na "mtazamaji anahisi", wakati mtazamaji mwenyewe hajaulizwa.

Makala haya yanajaribu kulirudisha swali hilo mezani kwa kuitumia filamu moja ya vichekesho na muziki, La Vie est Belle, ambayo kwa Kiswahili tungeiita Maisha ni Mazuri. Ilitoka mwaka 1987. Waongozaji wake ni wawili, Mweze Ngangura, mwenyeji wa Bukavu, na Mbelgiji Benoît Lamy. Nimeichagua kwa sababu ya sifa yake mbaya. Kila inapotajwa kwenye semina hakosi mtu wa kusema, "Aa, ile inachekesha tu." Nina ugomvi na hilo neno "tu".

Kwa muda wa mwaka mmoja nimeitazama na hadhira tatu. Ya kwanza ni wanafunzi wenzangu kwenye chumba cha mihadhara. Ya pili ni vijana wa kibanda umiza kimoja cha Manzese, ambapo mwenye banda alikubali kuiweka baada ya mechi. Ya tatu ni wazee, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wacheza dansi wazuri enzi zao, ambao hukutana Jumapili kusikiliza muziki wa zamani. Filamu ni ileile, lakini vicheko havikuwa vilevile. Hapo ndipo uhakiki wangu unapoanzia.

Filamu yenyewe

Kwa wasioiona, hadithi yenyewe si ngumu. Kourou ni mwanamuziki fukara wa kijijini anayetaka kupiga muziki wa umeme mjini. Anakwenda Kinshasa. Mjini hakuna anayemngoja, kwa hiyo analazimika kuwa boi wa nyumbani kwa tajiri mmoja, Nvouandou, mwenye klabu ya usiku. Anampenda msichana Kabibi. Kumbe tajiri naye anamtaka msichana huyohuyo. Nvouandou ana mke tayari, Mamou, lakini ana tatizo ambalo wanaume hawalisemi hadharani: nguvu zimemwishia. Anakwenda kwa mganga, ambaye kwenye filamu anaitwa Nganga. Dawa anayopewa ni kuoa mke wa pili ambaye ni bikira, kisha akae naye siku thelathini bila kumgusa. Mama yake Kabibi anakubali kwa ajili ya mali. Kutoka hapo ni vurugu, mafumanizi na nyimbo, hadi mwisho ambapo Kourou anapata vyote viwili, mapenzi na jukwaa.

Mhakiki atasema mara moja kwamba huo ni mzee tajiri mpumbavu, kijana maskini mjanja, binti katikati na mganga tapeli, na kwamba wahusika hawa tumewaona katika vichekesho vya dunia nzima. Ni kweli. Hata wahusika bapa tuliofundishwa kuwatafuta wamejaa humu. Lakini ubapa wa mhusika wa kichekesho si kasoro ya lazima. Mzee bahili wa vichekesho vya redio naye ni bapa, na watu wamempenda miaka nenda rudi.

Ifahamike pia kwamba filamu hii haikutengenezwa kwa fedha za kumwaga. Iliungwaungwa kwa ushirikiano wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa kati ya 1971 na 1997, pamoja na Ubelgiji na Ufaransa. Hakuna studio kubwa nyuma yake. Mji unaouona ni Kinshasa yenyewe, na mitaa ni mitaa kweli. Ngangura alikuwa ameshaupiga picha mji huo mwaka 1982 katika filamu yake ya hali halisi, Kin Kiesse, kwa hiyo anajua kamera isimame wapi. Uhaba wa fedha umewapa watazamaji zawadi moja: hakuna kilichojengwa ili kipendeze. Hadhira zote tatu zilisema kitu kilekile kwa maneno tofauti, kwamba pale ni kama Dar. Kijana mmoja wa kibandani alibisha kabisa. Ati ni Kariakoo, watu wamebadilisha lugha tu!

Kicheko kinachotangulia mzaha

Nianze na jambo lililonishangaza kwa wazee. Walicheka kabla Kourou hajafanya chochote. Anatokea tu, kijana wa kijijini, na ukumbi wote kicheko. Sisi wanafunzi tulipomwona mtu yuleyule hatukucheka hata kidogo. Tulikuwa tunangoja hadithi ianze.

Sababu ni rahisi. Anayemwigiza Kourou ni Papa Wemba. Wazee wanamjua tangu Zaiko Langa Langa, iliyoanzishwa mwaka 1969, na Viva la Musica aliyoiunda mwenyewe mwaka 1977. Wanajua kwamba huyu ndiye aliyewafundisha vijana wa Kinshasa, na kupitia kwao vijana wa nusu ya Afrika, kwamba nguo ni dini. Yeye ndiye kinara wa masapeur, wale watu wa viatu vya Ulaya na mashati ya bei ya kiwanja. Sasa mtu huyo anatokea kwenye picha akiwa mshamba, anatumwa, anafokewa, anaitwa boi! Kwa mzee anayemjua, kila senti ya unyonge wa Kourou ni mzaha, kwa sababu anajua kilichofichwa chini ya matambara. Filamu imeweka dau lake kwenye kumbukumbu ya mtazamaji.

Hii ndiyo kejeli ya kidrama, wenzangu, ile tunayoitafuta kwa tochi kwenye tamthilia: hadhira inajua jambo ambalo wahusika hawalijui. Tofauti ni kwamba hapa ujuzi huo haumo ndani ya kazi. Umo vichwani mwa watu, umeletwa kutoka kumbi za dansi. Ukiihakiki filamu hii kwa kusoma mswada wake peke yake, kejeli hiyo huioni kabisa. Na sisi vijana, ambao wengi wetu tulilisikia jina la Papa Wemba vizuri siku alipoanguka jukwaani Abidjan na kufariki, tarehe 24 Aprili 2016, tunaitazama filamu ikiwa imepungukiwa na kiungo kimoja. Imepungukiwa kwetu sisi. Kazi ya sanaa inaweza kuzeeka hivyo, taratibu, huku picha zake zote zikiwa salama.

Nyimbo bila maneno

Filamu inazungumza Kifaransa, na nyimbo zake nyingi ni za Kilingala. Nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, yanayopita upesi kama daladala lililojaa. Nani ataelewa? Hilo ndilo lilikuwa pingamizi la kwanza nilipoomba chumba cha kuionyeshea.

Jibu lilitoka kwa hadhira zenyewe. Lugha ngeni haijawahi kumzuia mtazamaji wa huku. Wazazi na babu zetu walijaa Avalon, Empire na Odeon, wakatazama filamu za Kihindi, wakalia na Raj Kapoor katika Awara, filamu ya mwaka 1951, na kutoka nje wakiimba. Kihindi walikuwa hawakijui. Hali ni hiyohiyo kwa Kilingala. Maquis walipiga hapa Dar, Remmy Ongala alitoka Kindu akafika mjini mwaka 1978 akawa wetu, na sahani za Kinshasa zilipigwa redioni mpaka zikakwaruza. Vizazi viwili vimeimba Kilingala bila kujua wanaimba nini. Wakati wa nyimbo wazee hawakuyatazama yale maandishi. Walifumba macho.

Nadhani hapa tunajifunza kitu kuhusu filamu za muziki kwa jumla. Huwa tunauliza: wimbo huu unasukuma hadithi, au umebandikwa tu? Kama umebandikwa, tunaipunguzia kazi maksi. Lakini watazamaji wangu hawakuwa na haraka ya hadithi. Kwao wimbo ulikuwa ndipo mahali pa kufika, na hadithi ni njia. Anayekumbuka maonyesho ya vikundi kama Muungano na TOT katika miaka ya 1990 hatashangaa. Usiku mmoja, kiingilio kimoja: ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarabu. Hakuna aliyeuliza sarakasi inahusianaje na igizo. Hadhira ilibadilisha namna ya kukaa. Kwenye kichekesho inapiga kelele, kwenye taarabu inainuka kwenda kutunza.

Na kutunza kulitokea! Katika onyesho la wazee, wimbo wa mwisho ulipopamba moto, mama mmoja mtu mzima aliinuka na noti ya shilingi elfu, akaenda kwa mwendo wa madaha hadi ukutani picha ilipokuwa, akaibandika noti kwenye paji la uso la Papa Wemba. Ikaanguka. Akaiokota, akaibandika tena. Watu waliangua kicheko mpaka wengine wakatoka nje. Mama yule alijua fika kwamba ule ni ukuta. Alikuwa anafanya uhakiki. Alikuwa anasema: nimepokea, na malipo yangu ni haya. Sioni ni kwa nini insha yangu iwe uhakiki na noti yake isiwe.

Fanani wa pili

Kibandani mambo yalikuwa mengine. Pale kuna kijana wa kutafsiri. Amekaa pembeni na kipaza sauti, anasimulia filamu kwa Kiswahili huku inaendelea, ile fani aliyoivumisha marehemu Lufufu hapa nchini na ambayo hata majirani zetu wa Kenya na Uganda wanayo. Mtafsiri wetu hajui Kifaransa. Kiingereza anakisoma kwa kudokoa. Yanayompita anayaziba mwenyewe.

Alipofika kwa Nganga hakuhitaji msaada wowote. Jina lenyewe lilimfungulia mlango. Nganga na mganga ni ndugu wa damu. Kabibi naye alimchukua kama mtoto wa nyumbani. "Kabibi huyu ni wa Kigoma, msinibishie," akasema. Siku thelathini za kutomgusa mke zilipotajwa, akatangaza: "Mtaalamu anasema, mzee umefungishwa Ramadhani ya peke yako, na futari unaiona mezani!" Banda zima lilivunjika. Huo mzaha haumo kwenye filamu. Je, kicheko kile ni cha nani? Ni cha Ngangura na Lamy, au ni cha mtafsiri?

Mtu wa kimapokeo atasema kazi imeharibiwa. Mimi naona fasihi simulizi imeikuta filamu njiani na kuipandisha mgongoni. Mtafsiri ni fanani wa pili. Anaipima hadhira yake kila dakika, anajua ni wapi imechoka, anaichangamsha. Kwenye sehemu ambazo filamu inalegea, na ukweli usemwe, inalegea sana baada ya harusi, sisi wanafunzi tulianza kutazama simu. Kibandani hakuna aliyelegea, maana mtafsiri aliongeza mbio. Uhariri ambao fedha hazikutosha kuukamilisha, mdomo wake uliukamilisha.

Lakini nisimpambe kupita kiasi. Kuna alichokiua. Mamou, mke mkubwa, katika filamu ni mtu mwenye hasira ya haki na hadhi yake. Mtafsiri alimgeuza kuwa "mama mwenye gubu", basi, kila alipofungua mdomo banda likawa linazomea. Mwanamke aliyeonewa akawa kero. Fanani wa pili ana mamlaka makubwa, na mamlaka hayo hayakaguliwi na yeyote.

Vimya

Hapa ndipo panaponigusa zaidi, na ndipo ninapotofautiana na wale wanaoipenda filamu hii kuliko mimi.

Kicheko tunakisikia. Kimya tunakisahau. Kuna mahali ambapo mama yake Kabibi anaridhia binti aolewe na Nvouandou kwa sababu ya uwezo wake. Tukio limeundwa lichekeshe: tamaa ya mama, majivuno ya mzee. Kwenye chumba cha mihadhara wavulana tulicheka. Upande wa kulia, walikokaa wasichana wengi, hakukuwa na sauti. Kisha mmoja akasema, si kwa nguvu lakini wote tukasikia, "Si ndiyo haya haya." Hakuna aliyemjibu. Filamu ikaendelea na kicheko kikarudi, ila hakikurudi kizima.

Kwa wazee, wanawake walicheka pale, tena sana, lakini walikuwa wanamcheka mama. Walimjua. Walitajana majina. Kibandani hakukuwa na mwanamke hata mmoja ndani, isipokuwa binti aliyekuwa anauza karanga mlangoni, na yeye hakuwa anatazama filamu. Alikuwa anatazama chenji yake.

Kwa hiyo tusiseme "hadhira ilicheka" kana kwamba hadhira ni mtu mmoja mwenye mdomo mmoja. Tukio moja lilizaa vicheko viwili vyenye maana tofauti na kimya kimoja, na kimya kile ndicho kilichoihakiki filamu kwa ukali kuliko insha yoyote niliyoisoma. Kilisema kwamba Kabibi katika hadithi hii anapitishwa kutoka mkono hadi mkono. Mama anamtoa, mzee anampokea, mganga anamwekea masharti, Kourou anamkomboa. Yeye anapenda, ni kweli, na filamu inampa uchangamfu na ulimi. Lakini mambo makubwa yanaamuliwa juu ya kichwa chake. Kichekesho kinamcheka mzee asiye na nguvu. Hakiulizi sana kwa nini binti anakuwa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Wasichana wa darasa letu waliuliza, bila hata kunyoosha mkono.

Lawama ya siasa

Lawama kubwa iliyowahi kuelekezwa kwa filamu hii ni kwamba imefumba macho. Mwaka 1987 Mobutu alikuwa madarakani tangu 1965 na angeendelea hadi 1997. Nchi ilikuwa inaliwa. Halafu anatokea msanii anatuambia maisha ni mazuri? Katika mapokeo yetu ya uhakiki, yaliyokulia kwenye mijadala ya fasihi na ukombozi, hilo ni kosa linalotosha kumfukuza mtu kijijini.

Ngangura hakulikwepa suala hilo. Katika makala yake iliyotoka kwenye mkusanyiko wa mwaka 1996 kuhusu sinema ya Kiafrika, uliohaririwa na Imruh Bakari na Mbye Cham, alilitazama swali la sinema ya kiharakati dhidi ya sinema ya burudani, akatetea haki ya filamu kumfurahisha mtazamaji wa Kiafrika ambaye ndiye imekusudiwa. Filamu nyingi za Kiafrika, alivyoona, zilikuwa na ujumbe mzito lakini hazina watu wa kuzitazama nyumbani. Na hakuwa anatetea uvivu. Baadaye alitengeneza Pièces d'identités, filamu ya mwaka 1998 yenye mzaha na uchungu wa ukimbizi pamoja, ikashinda tuzo kuu ya FESPACO mwaka 1999.

Mimi nilitaka kujua watazamaji wenyewe wanasemaje. Nilitarajia kwamba siasa haitatajwa. Nilichokisikia kibandani ni hiki: Kourou anapofanyishwa kazi na kufokewa, vijana walikuwa wanamtukana Nvouandou kwa majina ya matajiri wanaowajua. Wengine ni waajiri wao. Walikuwa wanauliza mshahara uko wapi. Siasa ilikuwepo, ila haikuvaa sare.

Watu wa Kinshasa wana msemo wao mashuhuri, Ibara ya 15, katiba isiyoandikwa inayomwambia raia ajitafutie namna yake ya kuishi. Sisi mji wetu tumeubatiza Bongo, kwa maana kwamba bila ubongo hutoboi. Misemo hii miwili ni mapacha. Yote inacheka, na yote inasema kwamba serikali haipo pale inapotakiwa kuwepo. La Vie est Belle ni filamu ya Ibara ya 15 toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna anayekwenda polisi, mahakamani wala ofisini kudai haki. Kila mtu anabangaiza: boi, mama mtu, mganga, hata tajiri mwenyewe. Kuutazama ulimwengu wa namna hiyo kwa saa nzima na nusu halafu kusema hauna siasa, ni kutaka siasa itajwe kwa jina ndipo tuiandike kwenye daftari.

Hata hivyo silipi kicheko sifa kisichostahili. Kubangaiza kunaweza kusifiwa mpaka kukawa dawa ya usingizi. Kijana aliyefundishwa kwamba ujanja ndio wokovu hatadai shule wala mshahara. Ataona ni yeye hakuwa mjanja vya kutosha. Filamu inakaribia sana kuimba wimbo huo. Inaokolewa na nini? Nadhani inaokolewa na watu wanaoitazama.

Mwisho mzuri na kikohozi chake

Mwisho wa filamu ni mzuri kupita kiasi. Kourou anapanda jukwaani, anaimba, Kabibi ni wake, dunia imekubali. Hadhira zote tatu zilishangilia. Ningeishia hapo ningesema: naam, wamelaghaiwa. Lakini nilikaa mlangoni na kusikiliza wanavyotoka.

Kibandani: "Huyo kafanikiwa kwa sababu ni Papa Wemba. Ungekuwa wewe ungekuwa bado unafua." Kicheko. Kwa wazee mmoja alisema kwa sauti ya kuchoka kwamba amewajua Kourou wengi sana walioingia mjini na gitaa, na akawahesabu waliofika jukwaani kwa vidole vya mkono mmoja, vikabaki. Wanafunzi wenzangu walibishana kama Kabibi ataendelea na masomo.

Yaani walishangilia na hawakuamini, vyote kwa pamoja. Hii si hadhira iliyolala. Walijua ule ni mwisho wa kichekesho, kama mtoto anavyojua sungura hawezi kumshinda simba kweli, na bado anataka ashinde. Uhakiki wetu una maneno mengi ya kumwelezea msanii anayepotosha na mtazamaji anayepotoshwa. Haujapata neno zuri la kumwelezea mtu anayefurahia uongo huku akiushika sikio. Ni kazi ya kizazi chetu kulitafuta neno hilo, na tusiende kulikopa mbali kabla hatujachungulia jirani.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kicheko cha watazamaji wa La Vie est Belle kina tabaka. Kuna kinachotoka kwenye kumbukumbu, kinachotoka kwa fanani wa pili, cha wanaojiona na cha wanaowaona jirani zao. Na kuna kimya, ambacho kina thamani ileile ya ushahidi. Filamu yenyewe ina mapungufu ambayo sikuyaficha: inalegea katikati, inamwacha Kabibi nusu njia, na ujanja inauimba kwa sauti kubwa mno. Lakini mtu anayesema "inachekesha tu" anakuwa amekiri kwamba hakusikiliza nani alikuwa anacheka, lini, na nani alinyamaza.

Pendekezo langu kwa wenzangu wanaotafuta mada za tasnifu ni dogo. Chukueni kazi moja mnayoipenda, ya jukwaani au ya picha, mwende nayo sehemu tatu ambazo watu wake hawakai meza moja. Kaeni nyuma, msikae mbele. Daftari liwe na safu mbili, moja ya vicheko na nyingine ya vimya. Na kwa wahadhiri wetu, kwa heshima zote: mkituletea safu ya tatu kwenye mtihani, kando ya fani na maudhui, tutaijaza.